Siku Baiskeli Yangu Ilipoombewa

Nilikuwa mstari wa nyuma wa kwaya ya vijana, mdomo wazi katikati ya ubeti wa pili, nilipoiona baiskeli yangu inaingia kanisani.

Iliingia kwa mlango mkubwa. Mzee wa kanisa mmoja mfupi, mwenye koti la kijivu, alikuwa ameshika usukani, anaisukuma taratibu katikati ya mabenchi kama anampeleka bibi harusi. Juu ya keria mkungu wetu wa ndizi. Nyuma yake mama mmoja amebeba kuku, kichwa chini miguu juu, kuku anashangaa kama mimi. Watu wakapiga vigelegele. Ilikuwa Jumapili ya sikukuu ya mavuno, siku ambayo kila nyumba inamletea Bwana kilichotoka shambani: mahindi, tangawizi, mayai, mbuzi kama mwaka ulikuwa mzuri. Baiskeli haioti shambani. Lakini nani aliuliza?

Ilivyofika pale ni hivi. Mama alinituma nitangulie na mkungu. Baiskeli yangu haina stendi. Ilikatika siku niliyopakia madumu ya maji ya jirani ili nionekane mwanaume, na tangu hapo ni lazima iegemee kitu, kama mlevi. Nje ya kanisa ukuta wote ulikuwa umejaa pikipiki za bodaboda. Ulibaki upande mmoja tu, ule ambako sadaka zilikuwa zinapangwa. Nikaiegemeza hapo, kati ya gunia la mahindi na mbuzi mweupe. Nikajaribu kuufungua mkungu. Nilikuwa nimeufunga kwa vipande vya tyubu ya zamani, na vitu hivyo ukivivuta vizuri vinang'ang'ania kama kupe. Mwalimu wa kwaya akaniita kwa jicho. Nikasema nitafungua baadaye.

Wazee nao, inaonekana, walijaribu kufungua wakashindwa. Wakakubaliana kwamba nyumba hii imetoa mzigo na kilichoubeba.

Nilitaka kupaza sauti. Nilipaza. Tatizo ni kwamba tulikuwa tunaimba, na mwalimu wa kwaya akadhani hatimaye nimeanza kuimba kwa moyo, akanitikisia kichwa nizidishe.

Sasa mtu anaweza kusema, si chuma tu hicho? Si chuma tu. Sisi tunakaa juu mlimani, huko Mamba, kwenye ukungu na tangawizi. Shule yangu iko chini, pale mteremko unapoishia na joto linapoanzia. Kwa mguu, hata ukitoka na jogoo, unafika wenzako wameshafuta ubao mara ya kwanza. Bodaboda ya kila siku ni ya watoto wa watu wengine. Na Ijumaa iliyopita, nilipofika nimechelewa kwa sababu ya pancha, mikono yote imejaa grisi, mwalimu wa nidhamu aliniangalia kama mtu anayeangalia nzi kwenye chai.

"Wewe," alisema, "ukichelewa tena, usipite hapa getini. Geuza hukohuko. Mtihani wa taifa utakuja kufanya na wajukuu zako."

Niko kidato cha nne. Na baba mdogo, ambaye analima mpunga huko chini kijiji cha Bendera, ameshamwambia mama kwamba siku nitakayorudishwa nyumbani atakuja kunichukua nikamfukuzie ndege shambani. Anasema nina sauti. Nimeshajiona nina mvi, nimesimama katikati ya mpunga, nawapigia kelele ndege ambao wamemaliza shule.

Kwa hiyo pale mbele ya madhabahu haikusimama baiskeli. Nilisimama mimi, nimefungiwa mkungu wa ndizi.

Mchungaji akanyoosha mikono. "Pokea, Bwana, mazao haya, na chombo hiki ambacho mama huyu, katika uhitaji wake, hakukizuia." Kanisa zima likasema amina. Nikamwambia Mungu kimoyomoyo: wewe hupandi mlima, una mawingu, baiskeli ya nini? Hakujibu. Nikamtafuta mama kwa macho upande wa wanawake. Alikuwa amesimama. Nikasema, sawa, mama atasema sasa hivi. Wanawake wa pande zote wakamgeukia, mmoja akamshika mkono, mwingine akamfuta jasho kwa kanga. Mama akafungua mdomo.

Kikatoka kigelegele.

Baada ya ibada nilimkuta nje karibu na tangi la maji.

"Mama, ile ni baiskeli yangu."

"Naijua."

"Kaseme, basi!"

"Nikaseme nini, mwanangu? Imeshaombewa." Alikuwa anaongea bila kuniangalia, tabasamu bado limembana usoni kwa ajili ya wapita njia. "Nilisimama niseme. Yule mama mwenyekiti wa kikundi cha tangawizi akaniambia, mwenzetu umetutia aibu, sisi tumeleta mayai. Mbele ya watu wote. Ningesema nini baada ya hapo? Kwamba nilileta ndizi tu?"

Wapare tunasifika kwa kupenda kesi. Tunaambiwa tunaweza kushtakiana kwa kivuli cha mti. Lakini kesi na Mungu unaifungulia baraza gani? Nikaenda kwa mchungaji mwenyewe.

"Shikamoo mchungaji."

"Marahaba, kijana. Hongereni sana."

"Mchungaji, ile baiskeli ilikuwa bahati mbaya."

Akaniwekea mkono begani, akanisogeza kivulini. "Hata mimi niliwahi kutoa halafu moyo ukaniuma. Ni kawaida. Shetani huja baada ya amina."

Yaani nilipojaribu kusema ukweli nikageuka shetani. Nikashukuru, nikaondoka.

Likabaki tumaini moja. Kwetu, sadaka za shambani zinanadiwa nje ya kanisa baada ya ibada, na ukinunua kitu mnadani unaweza kukirudisha. Unanunua yai, unasema "narudisha kwa Bwana," linanadiwa tena. Yai moja linaweza kununuliwa na ukoo mzima na bado likalala kanisani. Nikapiga hesabu yangu: baiskeli ikinadiwa, bei yake ikishuka mpaka chini kabisa, labda mtu mmoja mwenye huruma ataichukua kama takataka na kunipa. Kazi yangu ilikuwa kuishusha bei. Na hapo ndipo niliposikia afadhali kidogo, kwa sababu kama kuna kitu ninachokijua duniani ni ubaya wa ile baiskeli.

Mnadi wetu ni mzee mmoja mstaafu mwenye sauti ya tarumbeta. Akaipandisha juu ya meza, kweli juu ya meza, wazee wawili wakaishikilia.

"Baiskeli! Nyeusi! Imeombewa! Nani anaanza?"

"Haina breki!" nikapiga kelele kutoka nyuma.

Watu wakageuka. "Anaongea mwenye mali," mmoja akasema.

"Haina breki kabisa, mzee! Raba za mbele zilikwisha, za nyuma zilidondoka njiani. Mimi nasimamisha kwa ndala." Nikavua ndala yangu ya kulia nikaionyesha. Kwenye soli kuna mfereji, tairi limejichimbia kitanda. Nashuka mlima wote mguu wangu ukiwa nyuma, soli imekandamiza tairi, moshi kidogo unatoka, harufu ya raba inanifuata hadi darasani. Msichana ninayekaa naye benchi moja huniuliza kama nyumbani tunapikia matairi.

Watu wakacheka. Mama mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa tangawizi akacheka mpaka akainua mkono. Akataja bei.

"Na tyubu!" nikasema haraka. "Tyubu ni viraka vilivyoshikana mikono, hakuna tyubu pale! Huko chini miiba ya migunga inanifahamu kwa jina. Kuna siku solusheni ya kubandikia viraka iliniishia, nikajaza majani makavu ya mgomba ndani ya tairi, nikapanda hivyohivyo hadi nyumbani. Mbuzi wa watu wakanifuata njia nzima."

Kicheko kikazidi. Bei ikapanda. Mtu mmoja akasema, "Hii ndiyo baiskeli ninayoitaka, nifuge na mbuzi."

"Pedeli ya kushoto niliichonga mwenyewe, ni mti! Ikilowa inavimba!"

Bei ikapanda.

"Cheni ina msumari badala ya pingili! Iliwahi kunilia suruali ya shule, nikaingia kwenye mtihani wa jiografia mguu mmoja suruali, mguu mmoja kaptula!"

Ikapanda tena. Nilikuwa nalia kwa ndani na watu wanajishika mbavu. Kila nilichosema kikawa utani, kwa sababu mimi ndiye kila siku nasema utani. Kama angesimama mtu mpole akasema haina breki, wangeingiwa na hofu. Nikisema mimi, ni burudani ya sikukuu.

Mama mwenyekiti akaipata. Akasema, "Narudisha!" Vigelegele. Ikanadiwa upya. Mwenye duka la pembejeo akaipata, akamzawadia mchungaji. Mchungaji akairudisha kwa Bwana. Kila ilipozunguka ilipita karibu nami, nikaona karatasi ya pipi niliyoichomeka kwenye spoki Alhamisi, na moyo ukawa unazunguka nayo.

Nikamwendea mjomba, kaka yake mama, ambaye ana pikipiki mbili na tumbo moja kubwa.

"Mjomba, inunue halafu unipe. Nitakulipa kwa kazi."

"Wewe una akili?" akaninong'oneza. "Nyumba yenu imetoa, halafu ukoo uleule uichukue? Watasema tulikuwa tunaigiza. Kaa kimya, tabasamu."

Nilipokuwa mdogo sikuwa na shida hizi. Baiskeli yangu ya kwanza ilikuwa ya mti, magurudumu tumekata kwenye gogo, ekseli tunaipaka parachichi lililoiva ili isilie. Ikivunjika unachonga nyingine, na parachichi lililobaki unakula. Tulikuwa tunaiburuta mpaka juu ya kilima, tunashuka nayo wawili wawili, na aliyekuwa nyuma ndiye breki, anaburuza miguu. Mimi nilikuwa nyuma daima kwa sababu nilikuwa na nyayo ngumu. Hii nyeusi ilikuja baadaye. Baba, ambaye ni mlinzi kwenye shamba la mkonge upande wa Tanga, aliituma juu ya lori la mizigo bila barua, imefungwa na kamba ya katani tu, na katika simu alisema neno moja: "Soma." Nilikuwa mfupi, siifikii siti, nikajifunza kwa kupitisha mguu chini ya bomba la katikati, mwili umepinda kama ndizi. Niling'oa ngozi ya magoti yote mawili na sehemu ya ukuta wa jikoni.

Katika mnada wa mwisho akanunua mtu ambaye hakuna aliyemtarajia. Alikuwa kijana mkubwa kuliko mimi, mgeni, aliyetoka mbali huko upande wa Kigoma, na msimu wote alikuwa kibarua wa kuchimba tangawizi kwa jirani yetu. Alikuja mnadani na begi lake mgongoni. Akataja bei, watu wakasubiri aseme narudisha. Hakusema. Akalipa, akaishusha mezani, akakata mipira ya mkungu kwa kisu chake, akamkabidhi mzee ndizi kwa heshima zote.

"Kaka," mnadi akamwambia polepole, "hapa kwetu huwa..."

"Nimenunua, mzee. Naondoka nayo. Kesho asubuhi naanza kazi kwenye mkonge huko chini."

Kanuni haimlazimishi mtu kurudisha, ni sisi tu tunaooneana haya. Akaupanda ule mnyama, akageuza usukani kuelekea njia ya kushuka.

"Haina breki!" nikamwambia.

"Nimekusikia, dogo. Unachekesha sana."

Akaondoka.

Nilikimbia. Sikumbuki nilivyopita katikati ya wale mama, nakumbuka ndala moja mkononi na moja mguuni. Mwanzoni alikuwa anapiga pedeli, mjinga yule, anapiga pedeli kwenye mteremko ule! Halafu nikaona mabega yake yanapanda juu, ile namna mtu anavyokuwa anapobana kitu ambacho hakipo. "Weka mguu nyuma!" nilipiga kelele. "Nyuma, kwenye tairi!" Akaweka miguu yote hewani. Pale chini kwenye kona kuna mahali wanawake huoshea tangawizi. Kona ilikata kulia, yeye akanyoosha. Nikasikia migomba ikivunjika, halafu neno ambalo siwezi kuliandika siku ya sikukuu.

Nilimkuta amekaa kwenye tope, kiwiko kinatoka damu, begi limefunguka, mashati yake yamening'inia kwenye majani ya mgomba kama dobi ameanika. Gurudumu la mbele limepinda vibaya, limekuwa kama chapati iliyokunjwa.

"Dogo," akasema akihema, "umeniuzia kifo."

"Sikukuuzia mimi. Umeuziwa na Mungu."

Nikadhani atanirushia tope. Akaanza kucheka, kisha akaacha ghafla, akaliangalia lile gurudumu, na uso ukamshuka. "Kesho saa ya kuita majina nisipokuwepo, nafasi wanampa mwingine. Wamesema hivyo. Fedha yangu yote iko hapa." Akaigusa baiskeli kwa mguu. "Nina mtoto anasubiri kule nyumbani."

Sikutaka kusikia habari za mtoto wake. Nilitaka awe mtu mbaya, ingenisaidia.

Tulianza kuinyoosha pale pale. Gurudumu tulilitoa, tukalichomeka kwenye panda ya mti wa mgrevilia, yeye akavuta huku mimi nakandamiza upande wa pili. Likarudi kidogo. Tukalilaza juu ya mawe mawili nikalirukia, naye ananiambia wapi. Halafu nikalirudisha kwenye uma wa baiskeli, nikalizungusha huku nimeshikilia kipande cha mkaa karibu na ringi. Pale mkaa unapogusa na kuacha alama, ndipo palipotoka nje. Unakaza spoki za upande wa pili. Koleo tuliazima kwa wale mama wa tangawizi, ambao walituletea na maneno mengi ya bure.

Nilikuwa peke yangu na lile gurudumu alipokwenda kuokota mashati. Nilijua spoki zipi nikizilegeza halitafika mbali. Lingegoma njiani, angeitupa baiskeli, ningekwenda kuiokota. Koleo lilikuwa kwenye chuchu ya spoki, kile kinati cha kukazia, na kidole gumba kilikuwa tayari. Nikamsikia anaongea na simu nyuma ya migomba, sauti ya chini: "Nipo, nipo, nimepata usafiri, kesho nipo." Nikakaza. Nilikaza kwa hasira mpaka koleo likaniteleza likanipiga kidole.

Aliporudi nikamwambia, "Itatembea. Lakini kushuka peke yako huwezi. Umeona mwenyewe."

"Sasa?"

"Kesho asubuhi nashuka na wewe. Nakaa kwenye keria. Mimi ndiye breki."

Alikubali haraka sana, kama mtu aliyekuwa anaogopa kuomba.

Nyumbani mama alikuwa anasonga ugali. Aliponiona na mkaa usoni akauliza, "Amerudisha?"

"Hajarudisha."

Akaendelea kusonga. Baadaye akaniwekea sahani yangu, nyama yake akaihamishia kwangu, na wote wawili tukajifanya hatujaona.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Alinikuta barabarani na sare yangu, viatu vya shule nimevifunga shingoni, ndala miguuni. Alipanda yeye mbele, mimi nyuma nikiwa nimempa mgongo nusu ili mguu ufike kwenye tairi. Tulishuka. Kila kona naijua, nilikuwa namwambia "kulia," "kushoto," "jiwe hilo," na soli ikiungua. Gurudumu la mbele lilikuwa linalia kwenye uma kila mzunguko, na yeye alikuwa anasali kwa lugha yao. Nilikuwa nimerudi kwenye kazi yangu ya utotoni, nyuma, naburuza mguu. Sikuwahi kuiona baiskeli yangu kutoka upande ule. Keria inauma jamani. Nilimhurumia kila mtu niliyewahi kumpakia.

Getini mwalimu wa nidhamu alikuwa amesimama na fimbo yake, kengele bado. Niliruka chini.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba." Akaangalia saa, akaniangalia, akaangalia saa tena. "Umewahi. Kumbe ukitaka unaweza." Kisha akamwona mwenzangu. "Na huyu nani?"

"Mwenye baiskeli, mwalimu."

"Na wewe?"

"Mimi ni breki."

Akadhani ni utani, akatabasamu, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na lilikuwa linatisha.

Yule kaka aliniuliza kama huko mbele kuna mteremko mwingine. Nikamwambia hakuna, ni tambarare tupu mpaka kwenye mkonge, akitaka kusimama aache kupiga pedeli. Akanipa mkono. Alikuwa anataka kusema kitu, nikamwambia, "Nenda kaka, majina." Akaenda. Gurudumu la mbele lilikuwa bado linayumba kidogo, upande wa kushoto, ile spoki ya karibu na valvu. Ningeikaza mara moja zaidi.

"Kesho uwahi hivihivi," mwalimu akasema nyuma yangu.

"Ndiyo, mwalimu."

Nikavaa viatu nikiwa nimegeukia mlima. Juu hakuonekani, ukungu umekaa pale pale. Nikaingia darasani, nikakaa benchi langu, na kipindi chote cha kwanza sikusikia alichofundisha mtu. Nilikuwa najaribu kukumbuka, kati ya majirani wote, jogoo wa nani anawika mapema kuliko wengine.